Kidole Kisichoonekana: Niliyojifunza kwa Kurekodi Skrini ya Simu

Kumwelekeza mtu namna ya kutumia simu huku mnaongea kwa simu hiyo hiyo ni kazi ya kuvunja undugu. Unamwambia abonyeze zile nukta tatu za juu kulia, anakuuliza nukta zipi. Unamwambia arudi nyuma, anatoka kwenye programu nzima. Ukimwambia aweke spika ili aone kioo huku anakusikia, simu inakatika, na akipiga tena mnaanza upya. Mimi shughuli hii nimeizoea kwa miaka. Ofisini ndiye ninayeulizwa kila programu mpya inapoingia, na kwa upande wa ndugu ndiye ninayepigiwa mtu anapokwama. Nilianza kwa kuandika maelekezo marefu ambayo hakuna aliyeyasoma hadi mwisho. Nikahamia kwenye picha za skrini zenye mishale myekundu. Kisha nikaanza kurekodi skrini yenyewe kama video, na sijarudi nyuma.

Kurekodi kwenyewe hakuna ugumu. Kwenye Android, telezesha kidole kutoka juu ya kioo kwenda chini mara mbili, utaona vitufe vya haraka, kimojawapo ni cha kurekodi skrini. Usipokiona, gusa alama ya kalamu ukiongeze. Kwenye iPhone ni paneli ile ile ya tochi na kikokotoo. Kitufe chake ni duara lenye nukta nene katikati, na ukikigusa kinahesabu tatu, mbili, moja, kisha kinaanza. Ukimaliza, unagusa alama nyekundu iliyo juu ya kioo, na video inaenda kwenye picha zako.

Lakini haikuwa hivi siku zote, na mwenye simu ya zamani bado anakutana na hali ile. iPhone ilipata kitufe hiki mwaka 2017, ulipokuja mfumo wake wa iOS 11. Kabla ya hapo ulihitaji waya na kompyuta ya Mac. Upande wa Android, toleo la 4.4 la mwaka 2013 lilileta amri ya kurekodi iliyotolewa kutoka kwenye kompyuta, nayo iliishia dakika 3 na haikuchukua sauti. Mwaka uliofuata toleo la 5 liliruhusu programu za kawaida kurekodi bila kuvunja kufuli za mfumo wa simu, na kitufe cha kudumu cha Android yenyewe kikaja na toleo la 11, mwaka 2020, ingawa baadhi ya watengenezaji wa simu walikuwa wameshaweka cha kwao mapema. Kwa hiyo mtu akiniambia simu yake haina kitufe hicho, jambo la kwanza kumuuliza ni toleo. Programu za kupakua zipo nyingi, ila ile inayotaka kusoma majina yote ya watu wako na ujumbe wako ili tu irekodi skrini, achana nayo.

Sasa nije kwenye lililonichukulia muda kulielewa.

Nilimrekodia shangazi yangu video ya namna ya kufuta picha zinazomjazia simu. Niliitazama kabla ya kumtumia, nikaiona iko wazi kama maji. Akanipigia. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, akaniambia, “Mwanangu, simu yako inajiendesha yenyewe. Mara inafungua hiki, mara inafungua kile. Mimi nibonyeze wapi?”

Niliifungua tena ile video, nikaitazama kwa macho yake. Ni kweli kabisa. Orodha inafunguka, ukurasa unahama, picha inapotea, na hakuna mkono popote. Kirekodi huchukua kile ambacho simu inaonyesha. Kidole changu kiko juu ya kioo, si ndani yake, kwa hiyo hakimo. Mimi nilipoitazama mara ya kwanza kumbukumbu yangu ilikuwa inajaza kidole mahali pake, ndiyo maana niliiona iko sawa.

Dawa ipo, na kwenye Android iko pale pale. Kabla ya kuanza, kirekodi hukuuliza kama unataka miguso ionekane. Ukikubali, kila unapogusa panatokea kiduara, na ukitelezesha kidole kiduara kinakufuata. Simu ambayo kirekodi chake hakina chaguo hilo, huwa nalo kwenye mipangilio ya wasanidi programu, ile inayojifungua ukigusa namba ya muundo wa mfumo (kwa Kiingereza “Build number”) mara saba. Kwenye iPhone kirekodi hakina kitufe cha namna hiyo, kwa hiyo unabaki na sauti yako: lazima useme.

Na kusema kuna mpangilio wake. Watu wengi hugusa kwanza kisha wakaeleza walichofanya, nami nilikuwa hivyo hivyo. “Nimeingia hapa, nimechagua hii.” Anayetazama anasikia habari ya kitufe ambacho tayari kimeshatoweka. Siku hizi nataja mahali, nataja rangi au maandishi ya kitufe, nanyamaza kidogo ndipo nagusa. Ukurasa mpya ukifunguka nauacha utulie kabla ya neno jingine. Ukiwa unarekodi unaona kama umezembea mno, kidole kinawasha. Ukiwa unatazama, ni mwendo wa kawaida tu.

Mwanzoni nilijitetea kwamba anayetaka muda zaidi si asimamishe video? Jaribu uone. Ukiigusa video inayocheza, vinatokea vitufe vya kuisimamisha na mstari wa muda, na mara nyingi vinakaa chini ya picha. Programu nyingi za simu nazo huweka menyu yake chini. Kwa hiyo mtu anasimamisha video ili aone kitufe, na kitendo hicho hicho kinamfunikia kitufe. Utulivu inabidi uwe ndani ya video.

Jambo jingine ni kwamba kioo changu si kioo chake. Simu yangu iko kwa Kiingereza, ya shangazi iko kwa Kiswahili. Mimi nasema “settings”, yeye anatafuta neno hilo mpaka macho yanamuuma, kumbe kwake pameandikwa “Mipangilio”. Yeye ameongeza ukubwa wa maandishi, hivyo kitufe ninachokiona mimi bila kusogeza ukurasa kwake kiko chini, hakionekani. Siku hizi kabla ya kurekodi nabadilisha lugha ya simu yangu ifanane na ya mtu, na kama najua anatumia maandishi makubwa nami nayakuza. Kuanzia Android 13 unaweza kubadilisha lugha ya programu moja tu ukaiacha simu nzima ilivyo, na hilo limenipunguzia usumbufu mkubwa.

Sauti nayo ina mambo yake. Kirekodi cha Android huuliza uchukue ipi: ya maikrofoni, ya simu yenyewe, au zote mbili. Hiyo sauti ya simu yenyewe ilifunguliwa kwa programu za kawaida kwenye Android 10, mwaka 2019. Zamani, ukitaka sauti ya mchezo au ya video, ilibidi itoke kwenye spika iingie tena kwenye maikrofoni, na kelele zote za chumbani zikiwemo. Hata sasa programu ina haki ya kukataa sauti yake isichukuliwe, na mazungumzo ya simu hayamo katika sauti zinazoruhusiwa kunaswa kwa njia hiyo. Ndiyo maana mtu anarekodi simu ya video akitegemea kusikia pande zote mbili, anakuta midomo inacheza kimya. Kwenye iPhone maikrofoni imejificha: unabonyeza kile kitufe cha duara kwa muda mrefu bila kuachia, ndipo kinatokea kialama cha kuiwasha. Wenzangu ofisini wameniletea video bubu nyingi kwa sababu hiyo, na wote walikuwa wamezungumza kwa ufasaha kabisa.

Kuna wanaorekodi picha kwanza wakaongeza sauti baadaye. Kwa video ya biashara sawa. Kwa kumfundisha mtu unayemfahamu, naona inapoteza kitu. Ukizungumza huku unafanya, hata pale unaposema “subiri, hapa panachukua muda”, mtazamaji anajua naye asubiri. Sauti ya kuongeza baadaye husikika kama mtu anayesoma taarifa. Ninachofanya ni kuvaa visikilizi vya waya vyenye maikrofoni, maana maikrofoni inakuwa karibu na mdomo, tena sauti ya simu haitoki kwenye spika ikaingia humo.

Sasa siri. Nikiletewa video za skrini za watu huwa nashangaa tulivyo uchi. Mwenzangu mmoja alinitumia video akilalamika kwamba fomu ya ofisi haipokei viambatisho. Ndani yake ilishuka arifa kutoka juu, ujumbe mzima wa mtu mwingine kuhusu deni. Yeye hakuiona, alikuwa anatazama fomu. Mimi niliiona kwa sababu mtazamaji huona kile kinachosogea.

Arifa ndizo watu huzifikiria kwanza, na dawa yake ni hali ya Usinisumbue. Hakikisha tu ya kwako imewekwa kuficha arifa, maana kwenye baadhi ya simu huzima sauti peke yake na maneno yanaendelea kuonekana. Kama unachorekodi hakihitaji intaneti, hali ya ndegeni ni bora zaidi. Lakini arifa ni sehemu ndogo ya tatizo. Tazama ule mstari ulio juu ya kibodi, ule unaokupendekezea maneno. Andika herufi mbili tu, unakuletea majina ya watu unaowaandikia, wakati mwingine na barua pepe yako kamili. Fungua sehemu ya kutafuta, inashuka orodha ya ulivyowahi kutafuta. Gusa kitufe cha kuambatisha picha, inafunguka picha ya mwisho uliyopiga, na huijui ni ipi mpaka uione.

Na hapa kile kiduara cha miguso nilichokisifu kinageuka. Nenosiri linapoandikwa linaonekana kama nukta, ukadhani uko salama. Kwenye Android herufi ya mwisho huonekana kidogo kabla haijageuka nukta, isipokuwa umezima chaguo hilo. Na kama umewasha miguso ionekane, kiduara kinapita juu ya kibodi herufi kwa herufi. Anayetaka kulijua nenosiri lako anaipunguza kasi video na kulinakili. Android 15, iliyotoka mwaka 2024, imeanza kuficha yenyewe sehemu za nenosiri na arifa zenye namba za siri za mara moja pale skrini inaposhirikishwa kwa mtu mwingine. Mimi sitegemei hilo. Naingia kwenye akaunti kabla ya kuanza kurekodi, na kama somo lenyewe ni namna ya kuingia, natumia akaunti ya majaribio isiyo na kitu ndani.

Kuna programu ambazo ukizirekodi unapata weusi mtupu. Usihangaike kutafuta tatizo kwenye simu, simu ni nzima. Mtengenezaji wa programu anaweza kuuambia mfumo wa simu kwamba dirisha lake lisinaswe, na programu nyingi za benki hufanya hivyo, sawa na huduma za filamu za kulipia. Kwa za benki naona wamefanya vizuri. Shangazi alipotaka video ya namna ya kutuma pesa kwa programu ya benki yake, nilimwambia hiyo tutaifanya tukikaa pamoja, tena namba ya siri ataandika mwenyewe nimegeukia pembeni. Nilitumia nafasi hiyo kumweleza kwamba mlango wa kurekodi skrini na mlango wa kuishirikisha kwa mtu aliye mbali ni mmoja. Mtu akipiga simu, akajiita mhudumu wa benki, akakuomba uweke programu fulani ili “akuone skrini” akusaidie, anakuomba akae nyuma ya bega lako unapoandika namba ya siri. Tangu Android 14 mfumo unaomba ruhusa upya kila kipindi programu inapotaka kunasa skrini. Lile dirisha dogo linalotokea watu hulibonyeza bila kusoma. Lisomwe.

Upande wa nafasi kwenye simu, hesabu ni nyepesi. Biti 8 ni baiti 1, kwa hiyo video ikirekodiwa kwa megabiti 8 kwa sekunde, hiyo ni megabaiti 1 kila sekunde, 60 kila dakika. Somo la dakika 10 linakula megabaiti 600. Viwango hutofautiana kati ya simu na simu, na kwa kufundishia huhitaji ubora wa juu wala fremu 60 kwa sekunde, yaani zile picha moja moja zinazounda video. Fremu 30 zinatosha, labda uwe unarekodi mchezo.

Sababu kubwa zaidi ya kurekodi vipande vifupi haihusu nafasi. Faili la video la aina ya MP4 kwa kawaida huandikiwa faharasa yake mwishoni, pale unapogusa kitufe cha kusimamisha. Faharasa hiyo ndiyo inayoiambia programu ya kuchezea video kila picha iko wapi. Chaji ikiisha katikati, au mfumo ukaiua programu ya kurekodi ili kuokoa betri, faharasa haiandikwi. Unabaki na faili la mamia ya megabaiti lisilofunguka. Zile programu za kupakua ndizo zinazouawa sana, kwa hiyo anayezitumia aingie kwenye mipangilio ya betri aiondolee programu hiyo vizuizi. Mimi, kazi moja video moja: kufuta picha ni yake, kuhamisha picha ni yake. Ikiharibika moja, narudia hiyo tu. Na anayetazama hahangaiki kutafuta alipoishia.

Wanaohariri kwenye kompyuta watakutana na kituko kingine. Video inaanza vizuri, kadiri inavyoendelea sauti na picha vinaachana, mwishoni unasikia “gusa hapa” wakati ukurasa ulishabadilika. Simu inaporekodi skrini haitoi fremu kwa mwendo sawa. Skrini ikitulia fremu hupungua, ikichangamka huongezeka. Baadhi ya programu za kuhariri huhesabu fremu kana kwamba zote zina urefu mmoja, ndipo mambo yanapoharibika. Ninaipitisha video kwanza kwenye HandBrake, programu ya bure ya kompyuta, nachagua mwendo usiobadilika wa fremu, ndipo nahariri. Kwa kukata mwanzo na mwisho tu, kile kihariri kilicho ndani ya simu kinatosha, na hiyo ndiyo kazi yangu ya kila mara, maana mwanzo wa kila rekodi una ile paneli ya vitufe na mwisho una kidole kinachotafuta pa kusimamishia.

Kutuma nako kunaua video nyingi. Ukiituma WhatsApp kama video ya kawaida inabanwa, na kinachoumia kwanza ni maandishi madogo, yaani kile hasa ulichotaka kisomwe. Itume kama hati na itafika ilivyo, hadi gigabaiti 2. Hata hivyo kumbuka anayeipokea analipia bando lake. Video ya dakika 1 niliyokata vizuri, nikaituma kama hati, imenifaa kuliko ya dakika 6 iliyobanwa.

Kuhusu kurekodi maongezi ya watu, sheria za nchi hazifanani, na zipo programu zinazomwarifu mwenzio. Snapchat hufanya hivyo. Mimi huomba ruhusa kwanza. Mtu akikataa, naandika maelezo.

Faida ambayo sikuitarajia imetoka upande wa pili. Sasa mtu akikwama simpi maelekezo, namwomba yeye ndiye arekodi skrini yake akifanya kile anachosema kimegoma, na awashe miguso. Maelezo ya mdomo huwa “nimebonyeza haikubali”. Video inanionyesha toleo la programu, lugha, mtandao ulivyo hafifu, na lile onyo jekundu lililotokea nusu sekunde likapotea, ambalo mwenyewe angeapa halikuwepo. Watengenezaji wa programu tunayoitumia ofisini walikuwa wakitujibu kwamba kwao inafanya kazi. Tulipoanza kuwapelekea video, majibu yalibadilika.

Video ya shangazi ya hivi karibuni nilianza kuitazama bila sauti, kama ninavyofanya zote, nikifuata kiduara peke yake. Alikuwa anatafuta kitufe cha kupakua risiti. Kiduara kilishuka ukurasa hadi chini, kikapanda, kikasimama karibu kabisa na kitufe chenyewe, kikasita, kikakiacha. Kikarudi tena hapo hapo, kikakiacha tena. Nikawasha sauti nimsikie. Alikuwa anajisemea, “Hili ni tangazo, siligusi.” Kitufe kilikuwa cha njano chenye mshale mkubwa, sawasawa na yale matangazo ya ulaghai niliyomkataza mimi mwenyewe. Ile video, baada ya shangazi kuniruhusu nami kukata sehemu yenye jina lake, niliipeleka kwa waliotengeneza programu hiyo pamoja na dakika na sekunde ya kutazama.